Gereji ya baridi: acheni kununua wati

Leo naweka kando programu na hifadhidata, nataka tuzungumzie taa. Ndiyo, taa. Najua kuna atakayesema huyu kijana ameishiwa na la kuandika, lakini ngoja kwanza. Wengi wetu tunaoandika programu hatukai kwenye zile ofisi za vioo na zulia mnazoziona kwenye picha. Tunafanya kazi sebuleni, kitandani, stoo na kwenye gereji. Na katika vyumba hivyo vyote, kitu tunachokinunua bila kufikiri kuliko vyote ni taa. Mtu atasoma wiki mbili nzima kuhusu prosesa kabla ya kununua tarakilishi, halafu anaingia duka la hadwea na kusema, "Nipe balbu inayong'aa." Basi! Anaweka mfukoni, anaenda zake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ndani ya gereji yenye baridi, wati ni namba isiyokuhusu. Balbu moja kubwa katikati ya paa ni pesa iliyopotea. Na anayetafuta taa itakayompa mwanga na joto kwa wakati mmoja atalipia vyote viwili na asipate hata kimoja sawasawa. Sasa nijitetee.

Nikisema gereji simaanishi kwa mekanika. Nazungumzia kile chumba cha kuegeshea gari kinachoshikana na nyumba. Sisi tunakodi nyumba upande wa Limuru, gari hatuna, kwa hiyo gereji imegawanywa. Nusu ni yangu: meza, skrini mbili, kifaa cha kuchomelea na sanduku la vipande vya elektroniki. Nusu nyingine ni ya mjomba wangu, ambaye tangu astaafu ananoa visu vya mabucha, panga na mikasi ya mafundi cherehani kwa grainda ya mezani. Sakafu ni simiti tupu. Paa ni mabati, hakuna dari. Mlango ni wa chuma, na chini yake kuna nafasi ambayo paka anapita bila kuinama sana.

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya majani chai, ndani ya gereji unaweza kukuta nyuzi 9 au 10. Najua wasomaji wa Mombasa wanacheka, na wale walioko Ulaya na Kanada wanacheka zaidi kwa sababu tofauti. Chekeni tu. Kuketi saa nane bila kusogea kwenye nyuzi 10, vidole juu ya kibodi, si mchezo.

Baridi inahusiana vipi na taa? Sana. Taa hazifanani katika jambo hili.

Chukua ile tyubu ndefu ya futi nne, ambayo ndiyo watu wengi hudhani ni taa halali ya gereji. Ndani yake kuna mvuke kidogo wa zebaki. Stima ikipita, zebaki hutoa mwanga usioonekana kwa macho, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaougeuza kuwa mwanga tunaouona. Sasa, kiasi cha zebaki kinachogeuka mvuke kinategemea joto la kioo. Tyubu ya kawaida, ile nene kiasi inayoitwa T8, hutengenezwa itoe mwanga wake wa juu kabisa hewa iliyoizunguka ikiwa nyuzi 25 hivi. Ile nyembamba ya T5 inataka nyuzi 35. Iweke kwenye nyuzi 10 na mvuke unapungua, mwanga unafifia. Ongeza kwamba tyubu za zamani huwashwa kwa choki na stata, na kwamba jioni, mtaa mzima unapopika, stima hushuka nguvu. Baridi na stima dhaifu vikikutana, utaona ile sarakasi mnayoijua: tyubu inawaka, inazima, inawaka, inazima, mtu anasimama juu ya kiti kuizungusha stata.

Mimi niliweka simu mezani, kwa sababu karibu kila simu ya Android ina kihisio cha mwanga kando ya kamera ya mbele, na programu ya mistari ishirini hivi inatosha kusoma namba zake kila sekunde. Nikawasha tyubu ya zamani alfajiri. Namba zilianza chini, zikapanda polepole kwa dakika nyingi kadiri kioo kilivyopata joto. Kihisio cha simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha mwanga wa sasa na wa dakika kumi zijazo kinatosha kabisa.

LED ni kinyume chake. LED hupenda baridi. Kadiri kile kipande kidogo kinachotoa mwanga kinavyokuwa baridi, ndivyo kinavyotoa mwanga zaidi kwa stima ileile, na huwaka mara moja bila kusubiri. Angalia friza za supamaketi: zamani zilikuwa na tyubu zilizofifia, siku hizi nyingi zina LED. Na hata maisha ya taa huongezeka. Mara nyingi kinachoua balbu ya LED ni kile kisanduku cha ndani kinachobadilisha stima ya ukutani, mafundi wanakiita draiva. Ndani ya draiva kuna kapasita zenye majimaji, na kanuni ya wahandisi inasema kila ukipunguza nyuzi 10, maisha ya kapasita hiyo huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo yule anayeniambia "LED zinakufa haraka" pengine anaishi Kisumu na ameifunga balbu yake ndani ya kibakuli cha kioo kisichopitisha hewa. Sisi wa baridi hapo tuna bahati, moja ya bahati chache.

Tena tyubu zenyewe zinaondoka. Mwaka 2023 huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule unaohusu zebaki, zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za tyubu ifikapo 2027. Kufunga tyubu mpya leo ni kama kuanza mradi mpya kwa lugha ya programu ambayo wenyewe wameshatangaza siku ya mazishi yake.

Haya, joto. Hapa ndipo mimi na mjomba tulipobishana wiki nzima. Mjomba ni mtu wa balbu ya zamani, ile ya waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo. Hoja yake: "Kijana, hiyo yako inaangaza tu. Hii yangu inaangaza na kupasha." Na jirani anayefuga kuku akaja na hoja kali zaidi: kwa nini tusitundike ile taa nyekundu ya vifaranga, ya wati 250? Vifaranga havilalamiki!

Tupige hesabu. Balbu ya zamani ya wati 100 hugeuza karibu stima yake yote kuwa joto, hilo ni kweli. Lakini mwili wa mtu aliyeketi kimya nao hutoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo kuwasha balbu hiyo ili upate joto ni sawa na kumwalika mgeni mmoja aje akae pembeni. Chini ya mabati yasiyo na dari, na mlango wa kupita paka, hutamhisi. Joto lenyewe linapanda juu na kutoka. Taa ya vifaranga ni tofauti kidogo, maana inarusha joto moja kwa moja kwa aliye mbele yake. Itakuchoma paji la uso na kukuacha mgongo uleule wa baridi. Kifaranga anaweza kugeukageuka. Wewe una mteja kwenye simu.

Na gharama? Chukulia shilingi 30 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi. Wati 250 kwa saa nane ni uniti mbili, shilingi 60 kwa siku. Siku 22 za kazi ni shilingi 1,320 kwa mwezi, na bado unafanya kazi kwenye mwanga mwekundu ambao haukuonyeshi waya mwekundu ni upi na wa kahawia ni upi. Taa zote za LED nitakazozitaja hapa, kwa jumla yake, ni wati 54. Saa nane kila siku, siku 22, hazifiki shilingi 300. Hiyo tofauti ya elfu moja kwa mwezi inunulie blanketi, soksi nene, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya miguu. Ubao huo nausifu kuliko vyote. Simiti inanyonya joto la miguu kama deni, na ubao wa inchi moja unaikatiza. Pasha mwili, usipashe mabati.

Lakini niseme neno moja zito hapa, na silitolei mzaha. Kuna wanaoingiza jiko la makaa gerejini na kufunga mlango. Usifanye. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, unalala usingizi usioamka. Vivyo hivyo na kuwasha gari ndani mlango ukiwa umefungwa. Afadhali baridi.

Tuje kwenye namba inayokuhusu. Wati ni kiasi cha stima taa inachokula. Mwanga inaoutoa hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 na LED ya wati 9 zote hutoa lumeni 800 hivi, kwa hiyo unaona wati zinavyodanganya. Ila hata lumeni si mwisho wa safari. Unachotaka kujua ni mwanga kiasi gani umefika mezani, na hiyo ni luksi: lumeni moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba ni luksi moja. Viwango vya Ulaya vya taa za ofisini vinataka luksi 500 mahali pa kusoma, kuandika na kutumia tarakilishi.

Gereji yetu ni mita 3 kwa 6, yaani mita 18 za mraba. Ukitaka luksi 500 kila mahali unahitaji lumeni 9,000 zifike chini. Na kwa kuwa kuta ni za kijivu na juu ni mabati meusi, nusu ya mwanga inaweza kupotea njiani, basi weka lumeni 18,000. Hizo ni balbu 22 au 23 za wati 9. Ukumbi wa harusi!

Sasa hesabu meza peke yake. Mita 1.5 kwa 0.7, ni mita moja ya mraba na kidogo. Lumeni 525 zikiangukia hapo, umefika. Balbu moja ya wati 9, ndani ya taa ya mezani yenye kofia, ikiwa imesogezwa karibu, inakaribia kabisa kuifanya kazi hiyo. Siri yake ni umbali. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali: ukiutoa mita mbili ukauleta mita moja, unapata mara nne. Kutoka mita mbili hadi sentimita 60 ni mara kumi na moja. Hakuna balbu dukani itakayokupa mara kumi na moja kwa bei ileile. Mkono wa taa ya mezani unakupa bure.

Hii ndiyo sababu balbu moja katikati ya paa inanikera. Iko mbali na kila mtu. Isitoshe ukiketi ukiielekea meza iliyo ukutani, taa iko nyuma yako, kwa hiyo kivuli cha kichwa chako ndicho kinachoandika programu. Mjomba naye akiinama juu ya grainda, kivuli chake kinalala hasa pale kisu kinapogusa jiwe. Tumezoea mno hata hatuoni.

Sisemi ukae na taa ya mezani peke yake kwenye giza. Hilo ni baya kwa njia nyingine, kwa sababu jicho linatoka kwenye skrini inayong'aa linaingia kwenye ukuta mweusi, linarudi, siku nzima. Gereji nzima ipate luksi 100 hivi za jumla. Kwetu hiyo ni lumeni 3,600 tukihesabu zinazopotea, yaani fremu mbili za LED za futi nne, wati 18 kila moja. Moja nimeifunga iangaze ukuta ulio nyuma ya skrini zangu. Usiniulize kwa nini watu hawafanyi hivi, ni jambo la skrubu nne tu. Kichwa kilichokuwa kikiniuma kila saa mbili usiku kiliacha, ingawa sitadai kwamba kitakuwa hivyo kwa kila mtu.

Na kabla ya kununua fremu ya tatu, nunua rangi. Ukuta wa simiti tupu hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaougonga, wakati ukuta mweupe hurudisha karibu asilimia 80. Kopo la rangi nyeupe isiyong'aa ni taa isiyokula stima wala kuungua. Naona ajabu kwamba kila duka la taa lina balbu za aina arobaini na hakuna hata moja linalokuambia hivi. Lakini pia simshangai mwenye duka, yeye anauza balbu.

Nimefika mahali nilipotaka kufika: kupepesa. Nikiwa na nguvu za kukushawishi jambo moja tu leo, liwe hili, kwa kuwa mengine ni ya macho na mfuko, hili ni la vidole.

Stima ya Kenya hubadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde, na kila upande una kilele chake, kwa hiyo taa iliyotengenezwa ovyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kwa wengine kichwa kinaona. Tyubu zenye choki hufanya hivi. LED za bei ya kutupa, zenye draiva ya kapasita mbili tatu, hufanya hivi vibaya zaidi, maana LED haina waya wa moto unaobaki ukiwaka kati ya pigo na pigo. Sasa chukua grainda ya mezani. Mota yake hufuata stima ileile, na jiwe huzunguka chini kidogo ya mara 3,000 kwa dakika, yaani karibu mara 50 kwa sekunde. Mara 50 na mara 100. Umeona? Kila mwanga unapowaka, jiwe limegeuka karibu nusu mzunguko kamili. Chini ya taa ya namna hiyo, alama kwenye jiwe huonekana kama inasogea polepole kurudi nyuma, au kama imesimama. Jiwe linalozunguka kwa kasi linaonekana limetulia. Viwanda vilijua jambo hili tangu enzi za tyubu, ndiyo maana walikuwa wakifunga tyubu zilizo jirani kwenye fezi tofauti ili zisififie pamoja. Nyumba ya kukodi ina fezi moja.

Mjomba ana miaka 62. Jicho la umri huo hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga ambao jicho la kijana wa miaka 20 hupitisha hadi ndani, kwa kuwa mboni haifunguki kama zamani na lenzi imegeuka manjano. Kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji mwanga mwingi zaidi, na ndiye aliye karibu na jiwe. Mtu akija na kununua "balbu inayong'aa" ya bei rahisi kwa ajili ya mzee kama huyo, amempa mwanga na amemwekea mtego.

Na hapa lazima nimpe mjomba haki yake. Balbu yake ya zamani haipepesi sana, kwa sababu ule waya unabaki na moto. Kwenye jambo la grainda alikuwa sahihi kuliko nusu ya LED zilizoko madukani. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Nimekuwa nikikwambia," akaendelea kunoa.

Basi unapimaje kabla ya kulipa? Nilienda Nairobi, Luthuli Avenue, na kalamu. Omba taa iwashwe, shika kalamu, ipungepunge kwa kasi mbele ya taa. Ukiona ukungu mmoja laini kama feni, taa ni nzuri. Ukiona kalamu nyingi zilizokatikakatika kama picha za sinema, rudisha. Wauzaji watakucheka, mmoja alidhani nawatabiria, lakini waache. Unaweza pia kutumia kamera ya simu, ukitafuta mistari myeusi inayotembea kwenye picha, ila simu nyingi zina ujanja wa kuificha mistari hiyo kwenye stima ya mara 50, kwa hiyo tumia video ya mwendo wa polepole. Kwa wanaopenda namba, mwongozo wa IEEE 1789 wa mwaka 2015 unasema kwenye kupepesa kwa mara 100, mwanga usipande na kushuka zaidi ya asilimia 8 ndipo hatari iwe ndogo. Boksi la balbu ya dukani halitakuandikia hiyo. Kalamu inasema.

Angalia pia namba za volti. Taa iliyoandikwa 100–240 au 85–265 aghalabu ina draiva ya maana ndani, na haitasumbuka stima ikishuka jioni. Iliyoandikwa 220–240 tu, ipunge kalamu mara mbili.

Rangi ya mwanga nitaipita haraka. Huku kwetu kila mtu anapenda 6500, ile nyeupe ya bluu, kwa imani kwamba ndiyo inayong'aa zaidi. Kwangu inafanya gereji ya baridi ionekane kama mochari. Nimechagua 4000 kwa kazi za mchana. Wateja wangu wako mashariki mwa Marekani, saa saba au nane nyuma yetu kutegemea msimu, kwa hiyo naanza alasiri na kumaliza saa tano usiku, na ikifika usiku nazima zile fremu nabaki na balbu ya mezani ya 2700, ya manjano. Mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kwamba ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake si kuona bali kuuambia mwili saa ngapi, na mwanga wa bluu ndio unaozichochea zaidi. Kama unataka kulala ukitoka gerejini, usizidanganye saa nne usiku kwamba ni adhuhuri. Na kama unachomelea elektroniki, tafuta taa yenye namba ya rangi, CRI, ya 90 na zaidi. Kwenye 70, mistari ya kahawia, nyekundu na chungwa kwenye rizista ni ndugu watatu wasiotofautishika.

Kitu kingine ambacho wa pwani hawakijui ni jasho la mabati. Usiku mabati hupoa kuliko hewa, unyevu unashika upande wa ndani, na jua likichomoza matone yanaanza kuanguka. Juu ya tarakilishi, juu ya soketi, juu ya taa. Kwa hiyo fremu za juu ziwe zilizofungwa, zenye namba IP65: 6 maana yake vumbi haliingii, na vumbi la grainda ni vumbi la chuma, na 5 maana yake hata maji ya kurushwa kwa bomba hayaingii. Mahali pa joto fremu iliyofungwa hivyo huichemsha draiva. Kwetu haina shida. Waya wa ekstensheni usilale sakafuni, na fundi wa stima akufungie ile swichi inayokata stima ikivuja. Hapo usibane senti.

Onyo dogo: usinunue taa yenye kihisio cha mwendo kwa ajili ya meza ya mwandishi wa programu. Kihisio kinatafuta mwili wa moto unaosogea. Wewe ukiwinda hitilafu unakaa dakika ishirini bila kutikisika, inakuhesabu maiti, inazima.

Kwa stima kupotea, ambayo Limuru tunaijua, hapa ndipo wati chache zinalipa. Betri ndogo ya volti 12 na saa-ampea 7, ile ya kengele za usalama, ina wati-saa 84. Usiitumie zaidi ya nusu. Nusu hiyo inaiendesha taa ya LED ya volti 12 na wati 10 kwa saa nne. Jaribu kufanya hivyo na taa ya vifaranga.

Mpangilio wetu sasa ni huu: fremu mbili za futi nne, taa yangu ya mezani, na taa ya mkono wa kupinda iliyofungwa kwenye ukuta kushoto kwa grainda, sentimita 50 kutoka kwenye jiwe, iliyofaulu mtihani wa kalamu. Jumla wati 54. Mjomba alikubali ile ya grainda baada ya kuipungia kisu mwenyewe, jambo ambalo sikulishauri. Balbu yake ya zamani bado inaning'inia upande wake na ana nyingine tatu kwenye boksi, na sitaigusa, kila mtu na meza yake. Kuta mbili tumeshazipaka nyeupe. Ukuta wa tatu utasubiri Septemba, maana rangi ya maji haishiki vizuri chini ya nyuzi 10, na leo asubuhi kipimajoto kilisema 9.